Mwizi wa Makorora

Hapa Lancaster, Pennsylvania, nasali mara mojamoja na Wamenno, wale wale walioleta kanisa lao Shirati, Mara, mwaka 1934. Msimamo wa kanisa lao ni kutoshika silaha hata nchi ikiita. Habari za Dirk Willems, mfia imani wao, wanazisimulia kama sisi tunavyosimulia za Danieli: mwaka 1569 huko Uholanzi anakimbia, anayemkimbiza akatumbukia kwenye maji ya barafu, Dirk akarudi kumtoa. Akakamatwa, akachomwa moto.

Jirani yangu, Mkristo wa dhehebu jingine, hukaribisha watu mlangoni pa kanisa lake bastola ikiwa kiunoni, chini ya koti. Nilipomwuliza akanipa Luka 22, auze joho anunue upanga. Nikamwambia asogee mistari miwili mbele: panga mbili tu, kundi zima, na Yesu akaona zinatosha. Akacheka. Bastola haikutoka.

Kwetu Tanga mjadala huu huanzia kwa Amin. Baba alikwenda Kagera. Mwalimu, Mkatoliki wa kusali kwelikweli, alituambia mwaka 1978 kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sababu na nia zimo hata kwa Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki wa zamani, anapoeleza vita ya haki. Vita ile naitetea mpaka leo. Wamenno wangu wananisikiliza kimya, wananiongezea kahawa.

Ninachoshindwa kukitetea ni cha Makorora, mtaa wa huko kwetu Tanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunatoka mazoezi ya kwaya, ikapigwa kelele ya mwizi. Kijana kaketi mtaroni, kiatu kimoja hana, anaita "mama zangu, mama zangu". Nami nikaokota jiwe, nikarusha. Lilikuwa dogo, ndivyo ninavyojipa moyo. Mzee wetu wa kanisa alikuwepo, hakurusha, hakuzuia.

Najua mtasema Wamenno wana polisi wa kupigiwa simu wakaja, sisi hatuna. Kweli, na huwa nawaambia hivyo. Lakini yule kijana alikuwa ameshashikwa. Kujilinda kuliisha pale aliposhikwa. Mawe yalikuwa ya nini?

Aliyeingia katikati ni muuza mihogo, mama wa Kiislamu. Alimfunika kichwa kwa kanga yake, akawa anatufokea kwa Kidigo, mkono bado una unga wa pilipili. Watu wakarudi nyuma.

Jumapili iliyofuata tulihubiriwa zaka.