Mpango wa uuguzi uandikiwe muuguzi wa zamu ya usiku

"Mgonjwa ana shida ya kupumua. Apewe oksijeni kama ilivyoagizwa. Apimwe mara kwa mara. Atiwe moyo." Mpango wa namna hii si vigumu kuukuta kwenye mafaili ya wodi zetu hapa Nairobi, ukiwa na mwandiko safi na sahihi chini yake. Sasa mkabidhi muuguzi anayeingia zamu jioni, asiyemjua mgonjwa huyo, na ana wengine ishirini na kitu wa kuangalia. Afanye nini, saa ngapi, na akiona nini amwite daktari? Karatasi haimwambii.

Chanzo chake nakifahamu, na si uvivu. Chuoni tunafundishwa kumwandikia mwalimu: tatizo, chanzo, dalili, lengo, hatua, sababu, tathmini. Ni mafunzo mazuri. Ila mwalimu hahitaji kuambiwa saa, kwa kuwa si yeye atakayeamka usiku kumpima mgonjwa. Tukishahitimu tunabaki na maneno, tena yale yale kwa kila kitanda. Kwa maoni yangu, hatua isiyo na kipimo, saa, na kikomo cha kuita msaada haistahili kuandikwa.

Mchukue mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Amevimba miguu, halali bila mito mitatu, na amechomwa furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, mg 40 kwenye mshipa saa 2 usiku. Mpango wa kawaida utasema "fuatilia mkojo". Mpango unaofaa utasema: "Pima mkojo kila saa. Ikifika saa 8 usiku na bado anatoa chini ya ml 100 kwa saa, mwite daktari. Huenda kipimo cha dawa hakijatosha. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, mwite kabla ya dozi inayofuata." Mistari mitatu tu, na hata mgeni wa wodi anaweza kuifuata.

Chati ya maji yanayoingia na kutoka ina udhaifu wake. Jamaa humwaga mkojo chooni kabla haujapimwa. Uji wa kwenye thamosi hauhesabiwi, wala soda. Ndiyo maana mizani ina neno la mwisho: kilo moja ni karibu lita moja ya maji, na uvimbe wa miguu hauonekani mpaka lita kadhaa ziwe zimekusanyika. Apimwe uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, kwa mizani ile ile na nguo zisizotofautiana sana. Kama daktari ameagiza asizidi lita 1.5 za vinywaji kwa siku, pima kikombe cha wodi kwa jagi mara moja ujue kinabeba ml ngapi, kisha mwambie mgonjwa idadi ya vikombe. "Punguza maji" hakuna anayeielewa.

Furosemaidi ya vidonge inayotolewa mara mbili kwa siku ipangiwe asubuhi na saa 8 mchana. Ukiisukuma hadi jioni, mzee ataamka usiku kucha kutafuta choo kilicho mwisho wa korido, na hapo ndipo watu huanguka na kuvunjika nyonga. Jambo jingine: furosemaidi hutoa potasiamu kwa mkojo, lakini ule ushauri wa "kula ndizi urudishe potasiamu" usitolewe kwa mazoea. Mgonjwa huyo huyo mara nyingi yuko pia kwenye dawa nyingine za moyo, spironolaktoni na enalaprili, na hizo hupandisha potasiamu. Angalia kwanza majibu ya maabara.

Kwa wagonjwa wa kisukari, ugomvi wangu mkubwa ni saa ya sindano. Insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, inatakiwa itangulie chakula kwa dakika 30. Lakini zamu ya usiku inataka kumaliza kazi kabla ya kukabidhi, kwa hiyo sindano inachomwa saa 12 asubuhi, na toroli ya chai inafika saa 2. Saa 1 na nusu mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka, anaanza kuongea ovyo, na wauguzi wote wako kwenye makabidhiano. Sindano ifuate toroli, isifuate saa ya ukutani. Andika hivi: "Pima sukari, uliza jikoni, choma dakika 30 kabla ya chakula. Akiambiwa asile kwa ajili ya upasuaji au kipimo, usichome kabla ya kumuuliza daktari."

Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L na mgonjwa anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko 3 hadi 4 vya chai kwenye maji, kisha rudia kipimo baada ya dakika 15. Bado iko chini? Mpe tena. Ikishapanda, ale chakula, maana sukari hiyo haikai. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni; huyo anahitaji glukosi ya mshipani na daktari papo hapo. Mpango pia useme mgonjwa anatumia dawa gani, kwa sababu aliyeshushwa sukari na vidonge vya glibenklamaidi, hasa akiwa na figo dhaifu, anaweza kushuka tena baada ya saa nyingi. Huyo hupimwa mfululizo kwa siku nzima, haachwi kwa sababu sasa anacheka. Na vijiti vya kupimia vikiisha, jambo ambalo hutokea, karatasi iwe tayari imeorodhesha dalili za kuangalia na mahali sukari ya dharura ilipowekwa.

Kiharusi hakihitaji maneno mengi. Badala ya "mgeuze kila saa 2", andika ratiba yenyewe: saa 2 ubavu wa kulia, saa 4 chali, saa 6 ubavu wa kushoto, ukiangalia visigino na kifupa cha mwisho wa mgongo kila mara. Asivutwe kwa mkono uliopooza, bega litatoka. Wala asipewe uji kabla ya kujaribiwa kumeza: aketi wima, apewe kijiko cha chai cha maji mara chache, na umsikilize. Akikohoa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisha, na bandika tangazo juu ya kitanda ili jamaa wasimlishe saa ya kutazama wagonjwa.

Kwa nimonia nina lalamiko moja tu. Kuna wodi ambazo kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, asubuhi hadi jioni, kwa mujibu wa chati. Mahesabu hayo hayakuhesabiwa. Hesabu dakika nzima, mgonjwa akidhani bado unashika mapigo yake. Kupanda kutoka 20 hadi 28 kunaweza kukuonya mapema kuliko homa au presha.

Nitajibiwa kwamba hatuna watu wa kutosha kufanya yote haya. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka mipango mifupi. Matatizo nane kwa mgonjwa mmoja, yakiwemo "wasiwasi" na "ukosefu wa maarifa" yaliyonakiliwa kutoka faili la jirani, hayasomwi na yeyote. Orodha rasmi za majina ya matatizo ya uuguzi zilianza kukusanywa Marekani mwaka 1973, na zimekuwa ndefu mno. Hazikukusudiwa zimwagwe zote kitandani kwa mtu mmoja. Chagua matatu, ukianza na lile linaloweza kumuua usiku huu. Mkaguzi anayehesabu safu zilizojazwa atanuna kidogo, anune tu.

Tatizo la nne liandikwe siku ya kuruhusiwa, kwa kuyafuata maisha ya nyumbani kwake. "Mweleze kuhusu lishe" haimsaidii mama anayeishi ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline. Mwambie chumvi ya siku nzima, kwa vyakula vyote, isizidi kijiko kimoja cha chai; ugali wake hauna chumvi, ila chapati inayo, na viungo vya pakiti vinavyotiwa kwenye mchuzi vimejaa chumvi, sawa na ile kachumbari ya mayai boilo barabarani. Kama hana mizani, kuna wale wanaopima watu uzito kando ya barabara kwa shilingi chache. Achague mmoja, aende kwake mara tatu kwa wiki saa za asubuhi. Kisha kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa: "Uzito wa kutoka hospitali kilo 61.5. Ukifika 63.5 ndani ya siku 3, au ukihitaji mto wa ziada kulala, njoo kliniki siku hiyo hiyo, usingoje tarehe."