Onesimo Langoni Rabai

Mtetezi wa utumwa na mpinzani wake wamewahi kuhubiri zama moja, kila mmoja na Biblia ileile mkononi, na hakuna aliyekosa andiko. Mambo ya Walawi 25 inawaruhusu Waisraeli kununua watumwa wa mataifa jirani na kuwarithisha wana wao. Kutoka 21 inataka mwizi wa watu auawe. Waefeso 6 inawaambia watumwa wawatii bwana zao kwa hofu na kutetemeka, ilhali Wagalatia 3 inatangaza kwamba katika Kristo hapana mtumwa wala huru. Huko Marekani, Wabaptisti wa kusini walijitenga na wenzao wa kaskazini mwaka 1845 kwa sababu ya mgogoro huo. Kuomba radhi rasmi kulikuja mwaka 1995.

Kupambanisha mistari, basi, hakutufikishi mbali. Naona heri tuushike waraka mmoja mfupi, ule wa Paulo kwa Filemoni, tuupime kwa yaliyotokea hapa pwani.

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Wengi wameuelewa waraka kwamba alitoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akaamini. Paulo anamrudisha. Hamwamuru Filemoni amwache huru, wala haulaani utumwa. Anaomba Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa, na ikiwa kuna deni, yeye Paulo atalilipa.

Wanaomtetea Paulo wana hoja nzito. Wakristo walikuwa kikundi kidogo chini ya dola ya Rumi, hawana mamlaka ya kubadili sheria yoyote. Na bwana anayeketi meza moja ya Bwana na mtumwa wake, akamwita ndugu, atamuuzaje kesho sokoni? Hoja hiyo naiheshimu, lakini historia inaibana. Karne ya nne, Askofu Gregori wa Nisa alihubiri waziwazi kwamba mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hana bei. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1452, Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia wasio Wakristo katika utumwa wa kudumu. Subira ya kungoja udugu uumalize utumwa ni nyepesi kwa asiyebeba mzigo.

Tena lipo andiko ambalo Paulo, msomi wa Torati, bila shaka alilijua. Kumbukumbu la Torati 23 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Akae kwako, inasema, mahali atakapopachagua mwenyewe, wala usimwonee.

Sasa njoo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, ambako misheni ya CMS, shirika la umisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, ilianza mwaka 1846. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar ulifunga masoko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Haukumgusa yule aliyekwisha kununuliwa na kupewa jembe shambani. Watu hao wakaanza kutoroka, na wengi walikimbilia Rabai. Wenye mashamba walikuja juu, na baadhi ya wamisionari wa Kiingereza waliona kuwaficha watoro ni kuvunja sheria na kuhatarisha misheni nzima. Hofu yao haikuwa ya kubuni: misheni ingeweza kuvamiwa, na wa kwanza kuumia wangekuwa watoro wenyewe.

Lakini katika uongozi wa Rabai alikuwapo William Jones. Alikuwa ametekwa utumwani, akaokolewa na kulelewa Nashik, India, akarudi Afrika, na mwaka 1885 akapewa ushemasi na Askofu Hannington. Chini ya uangalizi wake watoro walikaa, wakajenga, wakalima. Sidhani ni bahati tu kwamba mlango ulibaki wazi pale aliposimama mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu. Waefeso 6 ilikuwa imeandikiwa watu kama yeye.

Wala tusidhani kuwa kuokolewa na wamisionari kulitosha. Freretown, kijiji cha walioachwa huru ambacho kengele yake imelipa jina eneo la Kengeleni, Mombasa, kilikuwa na msimamizi Mzungu aliyewaadhibu watu hao kwa viboko. Bagamoyo nako, mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwanunua watoto ili wawakomboe. Waliwanusuru kweli, kisha wakawalea kwa ratiba kali ya sala na kazi za shamba la misheni, na wapo waliotoroka hata huko.

Rabai suluhu ilipatikana kwa fedha. George Mackenzie wa IBEA (Imperial British East Africa), kampuni ya Kiingereza, aliwalipa mabwana fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro takriban 1,400 wakakabidhiwa hati za uhuru. Ni njia ya Filemoni kabisa: deni la mtoro limelipwa na mtu mwingine. Haikumwagika damu, na sitaibeza karatasi iliyomwezesha mama kulala bila kuogopa kukamatwa. Ila Kumbukumbu la Torati haimtaji bwana wa kulipwa, na hapo ndipo nasimama. Fidia ile iliwahesabu mabwana kuwa ndio waliopata hasara. Miaka ambayo watu wale walilima mashamba ya wengine bila ujira haikuingizwa kwenye hesabu hata kidogo, na misheni iliyowafundisha kuwa wao ni ndugu ilikuwapo pale, ikakubali hesabu hiyo ilivyo.