Hiyo mistari myeusi ya nini?

Kila nikitazama picha za modeli za ndege za kivita, naona ugonjwa uleule. Ndege imepakwa rangi vizuri, stika zimekaa sawa, halafu mwili mzima umechorwa mistari myeusi kama vigae vya bafuni. Mistari hiyo ni maungio ya mabati. Muundaji huzimua rangi nyeusi mpaka iwe nyepesi kama strungi, akaipitisha kwenye kila mfereji, akafuta juu, mfereji ukabaki umekolea. Wengi wanasema hapo ndipo ufundi ulipo. Mimi naona hapo ndipo tunapoiharibu ndege.

Nina hii F-5E Tiger II niliyoiunda majuzi, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Niliichagua kwa kuwa ndiyo ndege ya kivita ninayoijua kwa masikio. Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978, na aliyezoea kuwa Nanyuki, penye kambi yake, hahitaji kuinua kichwa ili ajue ni nini kimepita. Ndege halisi ina urefu wa mita 14.45, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 8.13. Gawanya kwa 72 upate sentimita 20 kwa 11. Inakaa juu ya daftari na nafasi inabaki.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mfereji kwenye plastiki una upana wa robo milimita. Zidisha kwa 72: milimita 18. Huo ni ufa wa kuingiza kidole gumba, tena kwenye ndege inayoipita sauti! Ukiuacha na rangi yake, jicho linausamehe. Ukiutia weusi, umeutangaza. Na mizinga miwili ya puani ndiyo usiseme. Mdomo wa mzinga halisi ni wa milimita 20, kwa hiyo kwa skeli hii haufiki hata theluthi moja ya milimita. Ya kwenye boksi langu ilikuwa minene kama vijiti vya kuchokolea meno. Silaumu kiwanda, maana plastiki ya moto haijai kwenye nafasi nyembamba kama karatasi. Lakini msasa upo, na sisi tuna mikono. Jioni mbili nzima nilikuwa nakwangua ukingo wa nyuma wa mabawa tu, kwa sababu F-5 sifa yake ni bawa jembamba kama kisu, na bawa nene linaigeuza ndege nyingine kabisa. Kazi hiyo haionekani kwenye picha, ndiyo maana watu wanaikwepa.

Hesabu ninayoipenda zaidi ni ya umbali. Ukiishika modeli sentimita 40 kutoka usoni, ni sawa na kusimama mita 29 kutoka kwa ndege yenyewe. Simama mita 29 kutoka kwenye basi uniambie umehesabu ribiti ngapi, zile pini za kuungia mabati. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege nusu milioni za mbao, kwa skeli hiihii ya 1/72, za kuwafundishia wanajeshi kutofautisha ndege zao na za adui. Ukiitazama ndege hiyo ukiwa kama mita 11 kutoka kwake, unaiona kama ungeiona ya kweli iliyo nusu maili. Zilipakwa rangi nyeusi tii. Hakuna mistari wala stika, umbo peke yake lilitosha kumwambia mtu apige au asipige.

Rangi nayo inafuata mkondo huohuo. Msitu wa Mlima Kenya ukiutazama kutoka mjini Nanyuki si kijani kile cha jani ulilolishika mkononi. Umefifia, una ubluu kidogo. Kwa hiyo kwenye kila rangi natia tone la nyeupe, hata kama kopo lina namba sahihi kabisa ya jeshi. Tumeshabishana sana na waundaji wenzangu juu ya hilo tone. Ninalitia tu.

Nisijifanye bingwa. Mara ya kwanza nilipoisimamisha F-5 yangu, ilikaa kitako, pua juu. Nilikuwa nimesahau kuitia uzito, na mwili ulikwisha fungwa. Nikatoboa tundu dogo ndani ya nafasi ya gurudumu la mbele, nikasukumia chubwi za mshipi moja moja mpaka ikakubali kusimama kwa magurudumu matatu. Hilo lilipona. La kioo cha rubani halikupona: nilikigandisha kwa supagluu badala ya gundi nyeupe ya mbao, na mvuke wake ukakitia ukungu kwa ndani. Nilijua kabisa kwamba supagluu hufanya hivyo. Ilikuwa saa sita usiku na gundi nyeupe imeganda kwenye chupa. Nikajifariji kwamba kwa mbali hakitaonekana.

Mpwa wangu alipokuja Jumamosi akaigeuzageuza.

“Mjomba, hujaimaliza hii?”

“Nimemaliza.”

“Mbona haina mistari kama ya kwenye boksi?”

Nikamwambia asimame mlangoni. Nikaining'iniza kwa uzi dirishani, pua ikitazama nje, nikasubiri aione ikiwa ndege ya kweli iliyo mbali. Akafumba jicho moja. Akakaa kimya muda mrefu, nami nikaanza kutabasamu.

“Sasa mjomba,” akasema, “huyu rubani anaona wapi?”