Mtoto wa mfadhili na mdogo wake

Jumamosi asubuhi, katika kituo kimoja cha watoto mkoani Dodoma, watoto walikuwa wameshakunywa uji na sasa wanaandika barua kwa wafadhili. Nilikuwa pale najitolea kutafsiri: mtoto anaandika Kiswahili, mimi naweka Kiingereza chini yake. Msichana mmoja wa darasa la tatu alishukuru kwa viatu, kisha akabana maneno pembeni kwa penseli: "Na mdogo wangu anaomba." Mdogo mwenyewe alikuwa nje ya dirisha, pekupeku, anamsubiri dada yake. Msimamizi akaniambia sentensi hiyo niiache, maana mtoto haruhusiwi kumwomba mfadhili kitu. Nikaiacha, na mpaka leo inaniuma.

Utaratibu huu wa mfadhili mmoja kwa mtoto mmoja si mgeni. Compassion, shirika la Kikristo la kufadhili watoto lililoanza mwaka 1952 na yatima wa vita vya Korea, huupitisha kwenye makanisa ya mahali: sare, madaftari, matibabu, chakula cha Jumamosi, na mwalimu wa kituo anayemfahamu mtoto kwa jina. Lawama kubwa ni ile niliyoiona dirishani. Nyumba moja, chungu kimoja, lakini mtoto mmoja anaumwa anapelekwa hospitali na mwingine anachemshiwa majani. Mama huanza kumpima mtoto kwa kile anacholeta.

Hata hivyo, anayesema ufadhili huu haufanyi kazi hana ushahidi. Mwaka 2013 Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, juu ya watu zaidi ya 10,000. Waliofadhiliwa na Compassion walisoma kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu zaidi ya wenzao, na wengi zaidi walimaliza sekondari. Miongoni mwa wale waliolinganishwa nao walikuwamo ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakufadhiliwa. Kipimo cha mafanikio, kwa maneno mengine, kilikuwa yule aliyebaki nje ya dirisha.

Ila watoto wale walifadhiliwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1992. Leo mambo ni tofauti. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003, na kwetu Tanzania ada ilifutwa mpaka kidato cha nne Januari 2016, kisha mpaka kidato cha sita mwaka 2022. Kinachomtoa mtoto shuleni sasa ni njaa ya mchana, sare iliyochanika, malaria isiyotibiwa mapema, au binti kubaki nyumbani kulea wadogo. Hayo yote ni ya nyumba nzima. Kumtoa mtoto mmoja kwenye njaa ya familia ni kazi ngumu, na mara nyingi daftari lake jipya huishia kugawanywa kurasa na ndugu zake. Nami siwalaumu.

Basi fedha zote ziende kwa jamii? Mashirika kama World Vision na ActionAid huikusanya michango ya wafadhili kwenye miradi ya kijiji kizima, na kisima hakibagui. Lakini kisima hakiji kugonga mlango kuuliza kwa nini binti hajaonekana wiki mbili. Mwalimu wa kituo huja. Nimemwona akitembea na jua la saa saba kwenda kumtafuta mvulana aliyepelekwa kuchunga. Watafiti wale wenyewe waliona dalili kwamba sehemu ya matokeo inatokana na mtoto kuanza kujitarajia makubwa, na matarajio hayo hujengwa na mtu anayemfuatilia.

Kwa hiyo ningeuacha mguu wa mwalimu ulivyo, nibadilishe mfuko. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, huandikisha kaya, si mtoto, na vituo vinaweza kufanya vivyo hivyo: kadi ya matibabu iwe ya watoto wote wa nyumba, fungu la chakula lipimwe kwa idadi ya midomo, na mfadhili aambiwe tangu mwanzo kwamba ndani ya nyumba ile kuna wengine. Na barua ya mtoto ifike nzima, pamoja na yale maneno ya penseli pembeni.