Ndoa za Nyaya Nane

Shemeji wangu, yaani kaka wa mke wangu, ni mtu hodari wa kazi za mikono na mwenye misimamo isiyoyumba, na siku tulipoamua kuachana na waifai na kuvuta kebo hadi chumba cha nyuma alikuja na vyote viwili. Chumba hicho ndicho ninachofanyia kazi. Kati yake na ruta iliyoko sebuleni zipo kuta nene zilizokuwa zikimeza mawimbi kiasi kwamba wenzangu katika mikutano ya video walikwisha kunizoea nikiwa nimeganda, jicho moja limefumba na mdomo uko wazi.

Katika kuchagua kebo hatukubishana sana. Cat 5e, moja ya madaraja ya kebo za mtandao, ingetutosha kabisa, kwa kuwa hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, nasi hatukuhitaji hata mita 30. Lakini tuliamua kuchukua Cat 6, ambayo kwa umbali mfupi huweza kufikisha gigabiti 10, kwa sababu kebo ikishaingia ukutani hakuna anayetamani kuifuata tena. Roli ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Shemeji, na hapa lazima nimpe haki yake, aliomba ruhusa, akatoa kisu na kukwangua taratibu ncha ya waya mmoja, na chini ya utando mwembamba wa shaba ukajitokeza weupe wa alumini. Waya wa namna hiyo hukatika upesi ukikunjwa, hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu, na haukidhi viwango vya kebo za mtandao hata kama ganda lake limeandikwa Cat 6 kwa herufi za kutisha. Tukachukua ya shaba tupu, na Shemeji akatoka pale akitembea kama mtu aliyeokoa taifa.

Kuipitisha kebo ndani ya bomba lake, mbali na nyaya za umeme, kulikwenda vizuri. Balaa ilikuwa inatusubiri kwenye plagi.

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, kila waya wa rangi kamili na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyohiyo. Nilimsomea Shemeji mpangilio unaoitwa T568B: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Alipofika kwenye waya wa nne akaweka koleo chini.

“Shemeji, hapo wamekosea uchapaji,” alisema. “Kijani na mwenzake wametoka kiwandani wamekumbatiana. Leo mimi niwatenganishe, nimwingize buluu katikati yao, tena pamoja na mkewe? Haiwezekani.”

Nilimweleza kwamba mpangilio huo ni wa makusudi. Akanijibu kwa upole wa mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito kwamba muhimu ni ncha zote mbili zifanane, kwani umeme hauna macho ya kutambua rangi. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli mkononi mwa mtu mwenye koleo haina mpinzani. Akazipanga nyaya jozi kwa jozi, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, akazinyoosha kwa kidole gumba mpaka zikalala sawasawa, akazisukuma ndani ya plagi na kuzibana. Sitasema uongo: ilipendeza.

Kisha akachomeka kipimio cha kebo, ambacho huwasha taa moja kwa kila waya. Taa zikawaka pande zote mbili, 1, 2, 3, hadi 8, kwa mfuatano usio na dosari. Shemeji akamwita dada yake aje ashuhudie taa, na aliposhuhudia mara moja akamwomba ashuhudie tena.

Jioni hiyo niliingia kwenye mkutano kwa kebo. Mtandao ulikuja, ukaondoka, ukarudi umepungua kasi, ukaondoka tena. Na waifai ile iliyokuwa imetukanwa mchana kutwa ikaonekana kuwa kiumbe mwenye adabu. Shemeji aliilaumu ruta, akawalaumu wanaotuuzia intaneti, akailaumu kompyuta yangu kwa uzee. Ili kunithibitishia kwamba ufundi wake ni safi, alitengeneza kebo nyingine fupi kwa mpangilio uleule, akaiunganisha, na ikafanya kazi bila tatizo. Ushahidi huo uliniponza kwa muda, mpaka nilipokumbuka kwamba kwa umbali mdogo kosa la aina hii huweza kujificha.

Nilimketisha na kalamu. Vifaa havijali rangi, hapo alikuwa sahihi. Vinachojali ni kwamba pini, yaani vijino vinane vya chuma vya plagi vinavyoshika nyaya, zishirikiane mbilimbili: ya 1 ifanye kazi na ya 2, ya 4 na ya 5, ya 7 na ya 8, na ya 3 na ya 6. Mpangilio huo wa ajabu una mizizi katika simu za mezani, ambazo laini yake ya kwanza ilikaa kwenye pini mbili za katikati na ya pili ikazizunguka kwa nje. Nyaya mbili zinazobeba ishara moja husokotwa pamoja ili kelele yoyote ya umeme izipate zote kwa usawa na kufutika upande wa pili. Kwa mpangilio wa Shemeji, pini ya 3 ilishikwa na nyeupe ya kijani na ya 6 ikashikwa na buluu, ambaye alikuwa amesokotwa na mtu mwingine njia nzima. Kipimio chetu hukagua tu kama waya umefika. Hakiulizi umesafiri na nani.

Shemeji aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo, Shemeji, mimi niliyekataa kuwatenganisha ndiye niliyewaachanisha?”

Nikasema ndiyo. Akakata plagi zote bila neno, akapanga upya kwa mpangilio wa T568B, akabana, kisha akagundua kwamba vikofia vya mpira, ambavyo lazima vivalishwe kabla ya plagi kubanwa, vilikuwa bado mezani. Akakata tena. Kila ukataji ulikula kipande cha kebo, na kwa kuwa tuliivuta bila kubakiza akiba, hatimaye ncha ya chumba cha nyuma ilipungua shibiri moja kuifikia kompyuta.

Mtandao sasa unapimwa karibu megabiti 940 kwa sekunde, na uso wangu unasogea mikutanoni kama wa watu wengine. Meza ndiyo iliyolazimika kuifuata kebo, nayo imeziba mlango mmoja wa kabati la nguo. Kwa kuwa mlango huo ni wa upande wa mke wangu, suala la kuvuta kebo nyingine ndefu zaidi limekwisha kuamuliwa, na si mimi wala Shemeji aliyeulizwa.