Mbegu ya chotara si tasa

"Hizo ukizipanda hazioti, ni tasa." Ndivyo alivyonijibu muuza pembejeo nilipomuuliza kama naweza kukamua mbegu za nyanya chotara alizoniuzia. Nimeyasikia maneno hayo hata kwa watu waliozeekea shambani, na yananiuma kwa sababu si kweli.

Huota. Kwenye tunda moja nilipata miche kumi na minane, nikaipanda tuta moja nyuma ya jiko. Mama yao alizaa matunda marefu, yamelingana kama matofali ya kalibu moja. Watoto sasa! Huyu duara, yule mrefu, mwingine begani kijani hata akiiva. Minne ikapata ugonjwa wa rasta, majani yakajikunja, ikadumaa, wakati mama yao alikuwa amesimama imara katikati ya ugonjwa huohuo.

F1 pale kwenye pakiti ya mbegu chotara ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti, ndiyo maana wote hulingana. Nyanya hujichavusha yenyewe, na kwenye uzao wa pili yaliyojificha hujitokeza. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, aliyaandika haya mwaka 1866 kuhusu njegere: alipandanisha ya maua ya zambarau na ya maua meupe, watoto wote wakatoa zambarau, lakini wajukuu 929 wakatoa 705 zambarau na 224 meupe. Karibu mmoja mweupe kwa kila wanne. Kinga ya rasta ikiwa imetoka kwa mzazi mmoja tu, hesabu inaweza kuwa hiyohiyo kwenye tuta lako.

Kwa hiyo anayetegemea nusu eka ya nyanya kulipa ada ya watoto, mimi namwambia anunue pakiti mpya, au apande Tanya au Tengeru 97, ambazo si chotara, na akamue mbegu zake kila msimu. Na muuzaji ana wajibu wa kumweleza tofauti hiyo kabla hajapokea hela. Kumtisha kwa neno "tasa" ni kumnyima elimu.

Bustani ya jikoni ni habari nyingine. Pale unaweza kujaribu mbegu za chotara, maana mche ukiharibika hakuna anayelala njaa.

Katika ile miche kumi na minane nilichagua mmoja, nikaufunga uzi mwekundu. Matunda yake mawili niliyaacha yaive mpaka yakalegea, nikayakamulia kwenye glasi pamoja na ute, nikaacha siku tatu yachachuke. Zilizoelea nikazimwaga, zilizozama nikazisugua kwenye chujio na kuzianika kivulini juu ya sahani, maana kwenye karatasi hung'ang'ania.

Nimerudia hivyo kila msimu. Uzao ulioko kitaluni sasa ni wa tano. Bado huchomoza mche mmoja mmoja wa ajabu, lakini mingi imeanza kufanana, na msimu uliopita hakuna hata mmoja uliopata rasta.