Malraux aliiba, tuseme hivyo

Juzi usiku nilitazama kipindi kizima cha televisheni kuhusu André Malraux, mwandishi na waziri wa Ufaransa. Rais de Gaulle akimkabidhi wizara mpya ya utamaduni mwaka 1959, picha ya Mona Lisa ikivuka bahari kwenda Washington Desemba 1962, mwili wake ukihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa, mwaka 1996: yote yalipewa nafasi ya kutosha. Kambodia ilipewa dakika moja, tena kwa muziki wa safari na msitu. Msimulizi akayaita mambo ya ujana. Nikazima.

Ujana gani? Desemba 1923, akiwa na miaka 22, alifika Banteay Srei, hekalu la karne ya 10 lililojengwa kwa mawe ya rangi ya waridi karibu na Angkor. Alikuwa na mkewe Clara na rafiki yake Louis Chevasson. Fedha za Clara zilikuwa zimeteketea katika hisa za migodi ya Mexico, wakaona pa kuzifidia ni huko. Waling'oa sanamu za miungu wa kike ukutani, wakazifunga kwenye masanduku ili wakaziuze. Walikamatwa Phnom Penh mkesha wa Krismasi. Julai 1924 mahakama ya kikoloni ya Wafaransa ikampa Malraux kifungo cha miaka 3 na Chevasson miezi 18. Ndipo waandishi wakubwa wa Paris, André Gide akiwamo, wakatia saini waraka wa kumtetea kwa sababu ya kipaji chake. Mahakama ya rufani ya Saigon, Vietnam, ikashusha adhabu yake hadi mwaka 1, kifungo cha nje. Akapanda meli, akarudi kwao.

Waraka ule ndio unaoniuma kuliko wizi wenyewe. Mkhmeri, mwenyeji wa Kambodia, angekamatwa na masanduku yale yale, nani Paris angeshika kalamu? Kipaji cha mwizi kilitajwa. Waliochonga mawe yale, na waliokuwa bado wakiishi kandokando ya mahekalu hayo, nani aliwauliza?

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, pwani ya Kenya. Babu yangu alipofariki alisimikiwa kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa, na kwetu kigango si pambo, ni mzee mwenyewe kasimama bomani mwake. Usiku mmoja, miaka ya 80, kiling'olewa. Nyanya alikuta shimo asubuhi, akaketi pembeni yake hadi jua likawa utosini. Alikuwa akisema ameibiwa mume mara ya pili. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois huko Marekani liliporudisha Kenya vigango 37, nilipekua kila picha iliyotoka magazetini nikitafuta pembetatu zilizochongwa kifuani mwa kile chetu. Hakikuwamo. Kwa hiyo mtu akiniambia kung'oa sanamu hekaluni ni utundu wa kijana msomi, simwelewi, wala sitaki kumwelewa.

Haya, mazuri yake nayajua. Mwaka 1925 alianzisha gazeti mjini Saigon, akawashambulia wakoloni walewale waliomhukumu, ambao nao hawakuwa wenyewe wa mawe yale. Sheria yake ya 1962 iliokoa mitaa mikongwe kama Marais ya Paris isibomolewe. Machi 8, 1960 alisimama UNESCO kuuombea ulimwengu uokoe mahekalu ya kale ya Nubia, kandokando ya Nile, yasimezwe na maji ya bwawa la Aswan, na mahekalu yakaokolewa. Hilo ni kubwa, nalikubali ingawa kwa shingo upande.  

Lakini hotuba ya Nubia ilitolewa na mtu aliyejua jiwe la hekalu linavyoachana na ukuta. Anayeonyesha hotuba ile aonyeshe na masanduku, kwa uzito uleule, kwenye kipindi kilekile. Watoto wa Ufaransa wanaosoma kwenye shule zenye jina lake wana haki ya kuambiwa yote mawili, na watoto wa Kambodia wana haki zaidi.

Mawe ya Banteay Srei yalirudishwa, na katika miaka ya 1930 hekalu likajengwa upya jiwe kwa jiwe. Ukienda leo utawakuta miungu wale wa kike wamesimama ukutani. Nyanya amefariki bila kukiona kigango. Shimo lile alikataza lisifukiwe, na hatujalifukia.